Betri ya boti: Usidanganywe na ukubwa wala bei

Na Mwandishi Wetu, Moshi

ANAYEKWENDA mjini Moshi kununua betri kwa kawaida hufika dukani na swali moja mdomoni: bei gani? Swali hilo linaweza kumtosha mwenye gari, kwa kuwa fundi wake anajua gari hilo linataka betri ya aina gani. Kwa mwenye boti inayosukumwa na mota ya umeme, kuishia katika swali hilo ni mwanzo wa hasara, kwani betri mbili zenye umbo moja, rangi moja na volti 12 zilezile zinaweza kupishana umri kwa miaka kadhaa.

Suala hili linazidi kuwa na uzito kadiri umeme unavyoingia majini. Katika Ziwa Victoria upande wa Kenya, kampuni ya Asobo ilianza katika miaka ya 2020 kuwapatia wavuvi injini za boti zinazotumia betri badala ya petroli. Katika Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, wavuvi wengi wa dagaa wameziweka kando karabai za mafuta ya taa na sasa huwasha taa za LED zinazopata nguvu kutoka kwenye betri.

Karibu na Moshi, maji yanayofaa boti ndogo hayako mbali. Takriban kilomita 50 kusini mwa mji liko Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960 mahali inapokutana mito ya Kikuletwa na Ruvu. Bwawa hilo huzalisha umeme wa megawati 8 na limekuwa tegemeo la wavuvi wa perege kwa miongo kadhaa. Mashariki, katika mpaka na Kenya, yako maziwa ya Jipe na Chala. Mitumbwi mingi ya eneo hilo bado huendeshwa kwa kasia na pondo, lakini mota ndogo ya umeme isiyonuka moshi wala kutisha samaki inazidi kuwa jambo la kufikiriwa.

Anayeifikiria hana budi kujua kwamba mota yenyewe ndiyo sehemu rahisi ya ununuzi. Sehemu ngumu ni betri, na ikikosewa, gharama yake hulipwa katikati ya maji, upepo ukiwa umebadilika na mota imenyamaza.

Kazi mbili, betri mbili

Betri ya risasi na tindikali ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na hadi leo msingi wake haujabadilika: mabamba ya risasi yaliyozama ndani ya tindikali ya salfuriki. Kilichobadilika ni namna mabamba hayo yanavyotengenezwa, na hapo ndipo zilipo siri zote.

Betri ya kuwashia gari ina mabamba mengi na membamba. Wembamba huo huongeza eneo linalogusana na tindikali, hivyo betri huweza kutoa mamia ya ampea kwa sekunde chache, injini ikawaka. Baada ya hapo altaneta ya gari hurudisha kile kidogo kilichotumika. Katika maisha yake yote, betri hiyo haikukusudiwa kupoteza zaidi ya sehemu ndogo ya chaji yake.

Betri ya kazi ndefu, ambayo lebo yake huandikwa maneno Deep Cycle, ina mabamba machache, manene na mazito. Haiwezi kutoa mlipuko wa nguvu kama ile ya gari, lakini huweza kutoa umeme wa wastani kwa saa nyingi, ikashuka sana, ikachajiwa, kisha ikarudia kazi hiyo mamia ya mara.

Kwa mkazi wa Kilimanjaro mfano uko jirani. Betri ya gari ni mkimbiaji wa mita 100, na betri ya kazi ndefu ni mpagazi anayebeba mzigo mlimani kwa siku tano au sita. Mkimbiaji akitwishwa mzigo wa mpagazi hatafika hata kambi ya pili, na kosa halitakuwa lake.

Betri ya gari inapotumika kuendesha mota ya boti hadi karibu na kuisha, mabamba yake membamba huvimba na kusinyaa kila safari. Unga wa risasi ulioko juu yake hubomoka na kuanguka chini ya kasha, na ukirundikana huunganisha bamba moja na jingine. Betri ya namna hiyo inaweza kufa baada ya safari chache tu, wakati ndani ya gari ingeishi miaka mitatu au minne. Mnunuzi hulalamika kwamba ameuziwa betri feki, kumbe ameuziwa betri halisi ya kazi nyingine.

Uamuzi huu haumhusu mwenye boti peke yake. Mkazi wa Kibosho, Marangu au Rombo anayewasha taa na televisheni kwa umeme wa jua huitaka betri ifanye kazi ileile: ishuke polepole usiku kucha, ipande mchana, siku baada ya siku. Yanayosemwa hapa kuhusu boti yanamfaa naye.

Lebo inasema nini

Kwenye lebo ya betri kuna herufi na tarakimu ambazo wanunuzi wengi huziruka. Ya kwanza kuitafuta ni ampea saa, inayoandikwa Ah. Betri ya Ah 100 kwa kipimo cha kawaida ina maana kwamba inaweza kutoa ampea 5 kwa saa 20. Kipimo hicho huandikwa C20. Baadhi ya betri, hasa za sola, hupimwa kwa saa 100, yaani C100, na kwa kuwa betri hutoa zaidi inapotumika polepole, tarakimu huonekana kubwa. Betri moja inaweza kuandikwa 100 kwa kipimo kimoja na 120 kwa kingine bila kuongezewa hata gramu ya risasi. Anayelinganisha betri mbili ahakikishe kwanza kwamba zimepimwa kwa saa zilezile.

Herufi CCA huonyesha ampea ambazo betri inaweza kutoa kwa ghafla katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. MCA ni kipimo cha aina hiyo kinachochukuliwa katika nyuzi sifuri. Baridi ya namna hiyo huwapata wapandaji walioko karibu na kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, wala si wavuvi wa Nyumba ya Mungu. Betri inayojisifu kwa CCA pekee, bila kutaja Ah, inatangaza kwamba imetengenezwa kwa ajili ya kuwasha injini.

Aidha, neno Marine halitoshi kuwa dhamana. Betri nyingi zenye neno hilo ni za matumizi mchanganyiko: mabamba yake ni manene kuliko ya gari lakini membamba kuliko ya betri halisi ya kazi ndefu. Zinamfaa mwenye boti ya petroli anayetaka kuwasha injini na taa chache. Kwa mota ya umeme inayofanya kazi saa kadhaa kila siku, betri hizo ni suluhisho la nusu.

Hesabu ya safari

Mota ndogo ya volti 12 yenye msukumo wa pauni 55 hula takriban ampea 50 ikiendeshwa kwa kasi ya mwisho. Betri ya risasi hudumu zaidi ikiwa haishushwi chini ya nusu. Kwa hiyo betri ya Ah 100 ina Ah 50 za kutumia, ambazo kwenye karatasi ni saa moja ya kasi kamili.

Kwenye maji, saa hiyo haitimii. Mwaka 1897 mwanasayansi wa Ujerumani, Wilhelm Peukert, alionyesha kwamba betri ya risasi ikinyonywa kwa kasi hutoa umeme pungufu kuliko ikinyonywa taratibu. Mwendo wa pole, unaokula ampea 12 hivi, huipa betri hiyohiyo takriban saa nne. Anayejua umbali wa kwenda na kurudi, na kuongeza akiba ya upepo wa mbele, ataweza kukadiria kabla ya kununua kama betri moja inamtosha au anahitaji mbili.

Hesabu ya pili ni ya fedha. Tuchukue mfano, ambao si bei ya duka lolote. Betri ya gari ya Sh200,000 ikidumu safari 100, kila safari imegharimu Sh2,000. Betri ya kazi ndefu ya Sh450,000 ikidumu safari 500, kila safari imegharimu Sh900. Betri ya lithiamu ya Sh1,500,000 ikidumu safari 3,000, kila safari imegharimu Sh500. Iliyokuwa rahisi kaunta ndiyo iliyokuwa ghali majini.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina upande wa pili. Mvuvi anayetoka siku 250 kwa mwaka atamaliza safari 100 ndani ya miezi mitano, safari 500 ndani ya miaka miwili na safari 3,000 ndani ya miaka 12. Anayeingia majini mara mbili kwa mwezi hufanya safari 24 tu kwa mwaka. Huyo akinunua lithiamu ya safari 3,000, betri itakufa kwa uzee kabla hajatumia hata robo yake. Kwake, betri nzuri ya risasi ya kazi ndefu ni uamuzi wa busara zaidi.

Aina nne sokoni

Betri ya maji, yenye vifuniko vya kufungua, ndiyo ya bei nafuu miongoni mwa betri za kazi ndefu. Ikitunzwa hudumu mamia ya safari, lakini inataka kukaguliwa kila mwezi na kuongezwa maji yaliyokenekwa. Hapa hutokea kosa linaloua betri nyingi: mtu huongeza tindikali badala ya maji. Kinachopotea katika kuchaji ni maji, na tindikali hubaki ndani. Kuongeza tindikali juu ya tindikali ni kuyachoma mabamba. Aidha, betri hii ikipinduka ndani ya boti humwaga tindikali, hivyo inahitaji sanduku lenye kifuniko na mkanda wa kuifunga.

Betri ya AGM huhifadhi tindikali yake ndani ya mkeka laini wa nyuzi za kioo. Haimwagiki, haihitaji kuongezwa maji, na kwa kuwa mabamba yake yamebanwa vizuri, huvumilia mtikisiko wa mawimbi na wa barabara ya vumbi kuliko ile ya maji. Bei yake ni kubwa zaidi, na haisamehe chaja mbovu.

Betri ya jeli ina tindikali iliyogandishwa mfano wa uji mzito. Huvumilia vizuri kushushwa sana, lakini inataka volti ndogo kidogo wakati wa kuchaji. Chaja ya gari isiyodhibitiwa hutengeneza mapovu ndani ya jeli, na mapovu hayo hayaondoki tena.

Ya nne ni lithiamu ya chuma na fosfeti, inayoandikwa LiFePO4. Betri ya risasi ya Ah 100 huwa na uzito wa kati ya kilo 25 na 30, na hii ya lithiamu huwa na takriban nusu ya uzito huo au pungufu, jambo kubwa katika boti ndogo. Huruhusu kutumika asilimia 80 au zaidi ya chaji bila kudhurika. Kasoro yake, mbali na bei, ni kwamba ina saketi ya ulinzi inayokata umeme ghafla chaji inapokwisha. Betri ya risasi humuonya mwenyewe kwa kuchoka polepole, lakini lithiamu hukimbia vilevile hadi dakika ya mwisho kisha husimama. Mwenye boti anayeitumia anahitaji kipimo cha chaji na chaja iliyotengenezwa kwa ajili ya lithiamu.

Dukani

Kabla ya kulipa, mnunuzi ana haki ya kuomba mita ya fundi. Betri mpya ya risasi iliyojaa na kutulia saa kadhaa husoma volti 12.6 au zaidi. Ikisoma 12.2 imebakiwa na nusu ya chaji, maana yake imekaa rafuni muda mrefu bila kuchajiwa. Risasi inayokaa bila chaji huota fuwele ngumu za salfeti ambazo chaja haiziondoi tena. Betri mpya ya namna hiyo tayari ni mzee.

Tarehe ya kutengenezwa itafutwe kwenye kasha au kwenye muhuri wa vichwa vyake. Uzito nao ulinganishwe, kwani betri mbili za risasi za aina moja na zenye Ah sawa hazipaswi kupishana kwa kilo nyingi. Nyepesi mno ina upungufu wa risasi ndani, hata kama kasha ni kubwa. Kasha lililovimba, lililopakwa rangi upya au lenye alama za kufunguliwa liachwe.

Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), risiti ya EFD na dhamana ya maandishi ni vitu vitatu vya kudai. Dhamana isomwe yote, kwa kuwa nyingine hufutika betri ya gari ikitumika katika boti au sola. Asiye na risiti hana pa kuanzia akitaka kulalamika.

Anayetaka mota ya volti 24 ataunganisha betri mbili kwa mfuatano. Betri hizo ziwe za aina moja, Ah moja na umri mmoja, kwani nzee huivuta chini mpya hadi zote mbili zikafa pamoja.

Chaji, joto na mtikisiko

Betri bora huuawa na matunzo duni. Kanuni ya kwanza ni kuichaji siku hiyohiyo iliyotumika. Mvuvi anayeiacha betri ya risasi ikiwa nusu hadi wiki ijayo ameanza kuipunguzia maisha.

Ah 50 zilizotumika ni takriban wati saa 600, na ukiongeza upotevu wa kuchaji zinafika 750 hivi. Paneli ya wati 150 ikipata saa tano za jua kali huzirudisha zote. Uwanda wa Nyumba ya Mungu, ulio mkavu, hupata jua hilo kwa urahisi kuliko vijiji vya Machame na Kibosho, ambako mawingu ya masika, kati ya Machi na Mei, huweza kuufunika mlima siku nzima. Wanaoishi juu wanahitaji paneli kubwa zaidi au chaja ya umeme wa TANESCO. Kati ya paneli na betri lazima kiwepo kidhibiti chaji.

Joto ni adui wa kimya. Kwa kanuni inayotumiwa na watengenezaji, kila nyuzi 10 zinazozidi 25 hupunguza umri wa betri ya risasi kwa takriban nusu. Betri iliyoachwa juani ndani ya boti pembeni mwa bwawa huzeeka mara mbili ya ile iliyowekwa kivulini.

Wakati wa kuchaji, betri ya maji hutoa gesi ya haidrojeni, inayolipuka. Isichajiwe jikoni penye moto wala katika chumba cha kulala kilichofungwa. Ndani ya boti, betri iwekwe chini na katikati, nyaya ziwe nene, na fyuzi ifungwe karibu na kichwa cha chanya. Waya mwembamba unaobeba ampea 50 huwaka kama jiko. Tindikali ikimrukia mtu, paoshwe mara moja kwa maji mengi, na ikiingia machoni akimbizwe hospitali baada ya kuoshwa.

Betri ikifa

Betri ya risasi iliyokufa bado ina thamani, na wanunuzi wa vyuma chakavu wanalijua hilo. Hatari huanza pale inapopasuliwa kwa shoka uani na tindikali kumwagwa ardhini, au risasi inapoyeyushwa kwenye moto wa wazi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na madhara yake hayarudishwi nyuma kwa dawa.

Majirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, wanalijua jambo hilo kwa uchungu. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichoanza kazi hapo mwaka 2007 kiliacha risasi katika damu ya watoto na udongo wa mtaa. Mwanaharakati Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano hayo, alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya, uamuzi uliotenguliwa katika rufaa na kurejeshwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo Desemba 2024. Nchini Tanzania betri chakavu ni taka hatarishi, chini ya usimamizi wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Njia salama ni kuirudisha nzima kwa muuzaji au kwa mkusanyaji mwenye kibali.

Kwa hiyo anayeshuka Moshi kununua betri ya boti ana maswali manne ya kuuliza kabla ya lile la bei: Imetengenezwa kwa kazi gani? Ah zake zimepimwa kwa saa ngapi? Inasoma volti ngapi leo? Na dhamana yake inasemaje kuhusu boti? Muuzaji anayeyajibu yote bila kukasirika amestahili fedha yake.

Na hata baada ya kununua iliyo bora kuliko zote, kasia lisiachwe nyumbani. Betri huisha chaji, fyuzi hukatika, mota hunasa nyavu. Kasia halihitaji kuchajiwa.